Mwaka Nilioliacha Gari Nyumbani

Miaka ile niliyokuwa naendesha gari sikuwahi kufika shuleni nikiwa nimetulia. Nilikuwa nakaa Lusahunga, nafundisha jiografia katika shule ya sekondari iliyo pembeni kidogo ya Nyakanazi, na kila asubuhi nilitoka nyumbani nikijiona nimechelewa hata kama saa iliniambia bado. Chai nilikunywa nimesimama. Nilifunga mlango, nikafika kwenye gari, nikarudi kuhakikisha kama kweli nimefunga. Barabarani nilitazama kioo cha nyuma zaidi kuliko mbele, maana malori yanayotoka mpakani Rusumo hukujia nyuma kama yanataka kukupanda mgongoni.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, nililinunua kwa mtu. Lakini lilikuwa langu, na nilikuwa nimesimama kando ya lami miaka mingi kabla ya kulipata. Walimu wenzangu walikuwa hivyo hivyo. Mmoja alinunua, wa pili akafuata, na asiyekuwa na gari alikuwa na pikipiki. Wazazi nao walileta watoto kwa bodaboda, watatu juu ya pikipiki moja, mabegi yakining'inia pande zote. Wengine waliwapakia kwenye michomoko, yale magari madogo ya abiria ambayo kwetu hujaza watu mpaka kwenye buti. Sote tulikuwa tunafika saa moja kamili, na geti la shule linatazama lami moja kwa moja.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Jumanne ya muhula wa kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikakatika. Nilipokaribia geti niliwasha taa ya kukata kulia nikasubiri. Mbele yangu lori la mafuta lilikuwa linakuja, bado lipo mbali, linaniwashia taa. Mchomoko ulikuwa umesimama getini unashusha wanafunzi, na bodaboda mbili zilikuwa zinabishana nani apite. Nyuma ya mchomoko palikuwa na nafasi ya gari moja kupenya. Niliiona ile nafasi, sikuona kitu kingine. Nikakanyaga mafuta.

Mama aliyekuwa mpishi wetu mkuu alitokea nyuma ya ule mchomoko akiwa na ndoo ya dagaa kichwani.

Niliisikia ndoo ikianguka kabla sijamwona mtu. Niliposhuka, alikuwa ameketi kwenye matope, mguu mmoja umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Hakupiga kelele. Alinitazama usoni akasema, "Mwalimu, kumbe ni wewe."

Angenitukana ningejua la kufanya. Nilipiga magoti nikaanza kuokota dagaa. Mkuu wa shule alinikuta hivyo, nimejaza dagaa na matope mikononi, akaninyanyua kwa kiwiko akaniambia nisogee ili wanaume wambebe mama. Walimpeleka hospitali. Mifupa miwili ilikuwa imevunjika chini ya goti.

Askari wa usalama barabarani alikuja akapima, akaandika. Nilifikishwa mahakamani nikakiri kosa, nikatozwa faini, nikarudishiwa gari. Watu waliniambia nimshukuru Mungu kwamba hakufa na kwamba limekwisha. Kwangu halikuwa limekwisha. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilisahihisha madaftari ya kidato cha pili mara mbili bila kugundua. Darasani niliandika ubaoni huku nageuka kila nikisikia honi, hadi siku moja mwanafunzi aliniuliza kwa upole kama kuna mtu ninamsubiri.

Nikaliacha gari nyumbani. Nilidhani huo ndio mwisho wa deni langu. Asubuhi nilipanda mchomoko pale Lusahunga, nikashushwa ng'ambo ya shule pamoja na wanafunzi, na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa sijakiona kwa miaka yote ile. Nilisimama kando ya lami nikisubiri kuvuka. Magari ya walimu wenzangu yalipita moja baada ya jingine. Mwalimu wa hesabu, rafiki yangu wa karibu kabisa, alinipigia honi, akanipungia mkono kwa furaha, akapita. Hakuna aliyesimama. Na mimi sikuweza kumlaumu hata mmoja, maana nilikumbuka vizuri kwamba nami nilikuwa napunga mkono vile vile.

Baada ya mwezi na kitu nilikwenda Bisibo kumwona tena mama mpishi. Alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali akaenda kuuguzwa kwa mdogo wake, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia huku zamani kutoka Shinyanga. Nilimkuta kivulini ameketi juu ya gunia, mguu umenyooshwa kwenye plasta, anamenya muhogo. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, mwalimu. Chukua kisu, mihogo mingi."

Tulimenya mihogo kadhaa. Nilipojaribu kuanza yale maneno yangu, alinikatiza.

"Hayo ulishasema hospitali. Nikuambie ninachowaza mimi. Nawaza siku nitakayorudi kazini. Geti ni lile lile. Balabala ni ile ile. Nitapita wapi na mguu huu?"

"Mimi siendeshi tena, mama."

"Wewe mmoja." Alitupa muhogo kwenye beseni. "Wakibaki wengine wote, si watanigonga wao? Nyie mnakuja kila mtu na chombo chake, mnagombania mlango mmoja. Siku ile kama si wewe angekuwa mwingine."

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwa nalijua. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mpishi kwenye kambi ya mgodi, upande wa Kahama. Kule wafanyakazi walichukuliwa na basi moja kutoka mtaani. Basi lilikuwa na saa yake, halikuzunguka kutafuta abiria, na lilipofika liliingia mpaka ndani ya uzio, geti likafungwa, ndipo watu wakashuka.

"Hakuna mtu aliyekuwa anavuka kwa miguu," alisema. "Hata dereva hakuwa na haraka. Ahalakishe aende wapi, na abiria wake ni wale wale?"

Nilirudi Lusahunga jioni hiyo, na sikuweza kukaa. Nilizunguka meza huku nachora nyuma ya daftari: geti, lami, uwanja wa mpira ulio nyuma ya madarasa, na kinjia cha udongo kinachoingia uwanjani kutoka upande wa mashamba. Basi dogo kama kosta lingeweza kupita pale. Nilishangaa sana kwamba mimi ninayefundisha watoto kusoma ramani sikuwahi kukitazama kile kinjia.

Kwenye kikao cha walimu nilisimama nikaeleza. Tupate basi moja kutoka Lusahunga, walimu na wanafunzi wapande pamoja, magari na pikipiki zibaki nyumbani. Walinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyosikilizwa msibani. Yule rafiki yangu wa hesabu ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, tunajua yaliyokupata. Lakini mimi nimesota miaka yote hii kupata gari, leo nirudi kubanana na wanafunzi ninaowafundisha? Wataniheshimu?"

Wengine wakacheka kidogo. Mkuu wa shule hakucheka. Alisema nikipata basi, na wazazi wakikubali, yeye atakuwa wa kwanza kupanda. Nadhani alisema vile kwa sababu aliamini sitalipata.

Na kweli nilihangaika. Wenye mabasi Nyakanazi waliniuliza swali moja: wanafunzi wakishashuka, gari lifanye nini? Mmoja alinicheka waziwazi. Ndipo kondakta wa kosta moja inayokwenda Ngara aliponiambia mwenye gari ni mama mjane, anaishi huko juu ya mji, na kwamba siku hizi anazungumzia kuliuza.

Jumamosi nilikwenda. Nilikaa kiti cha mbele, na safari nzima nilikuwa nakanyaga breki ambayo haikuwepo. Dereva alikuwa kijana mpole wa maneno, lakini kila alipoona mchomoko mbele aliufukuza ili awahi abiria wa kituo kinachofuata. Akiupita, nao unamfukuza yeye. Tulikwenda hivyo kupita Nyakahura mpaka Benako, malori yakituzomea kwa honi. Niliposhuka Ngara nilipanda kilima kwa miguu katikati ya migomba hadi nyumbani kwa yule mama.

Alikuwa mzee aliyenyooka, rozari shingoni, anaanika kahawa uani. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya mguu wa mama mpishi na kwamba aliyemvunja ni mimi. Aliendelea kugeuza kahawa kwa mkono.

"Umekuja na gari langu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Linaendeshwaje?"

Nilisita. Dereva, nilishaambiwa, ni mkwewe, ameoa binti yake wa mwisho.

"Linakimbia sana," nilisema.

Akaacha kahawa. "Kila simu ikilia nadhani ndiyo ile," alisema. "Nasali rozari tangu anatoka mpaka anafika. Nimemwambia apunguze. Ananiambia, mama, nikipunguza wanachukua abiria, jioni nitakuletea nini? Na kweli. Ndiyo maana nataka kuliuza."

"Abiria wakiwa wanamsubiri yeye tu, hatakuwa na wa kushindana naye," nilisema. "Asubuhi atabeba shule, mchana atafanya safari yake ya kawaida, alasiri atarudi kubeba shule. Utampa mshahara, asitegemee kichwa cha abiria."

Alirudi kugeuza kahawa. Jirani alipita akamsalimia kwa Kihangaza, akamjibu, akasubiri apite.

"Atalala wapi? Lusahunga?"

"Kwangu kuna chumba cha uani. Aje na mke wake."

"Wanafunzi wakae kila mtu na kiti chake. Sitaki kusikia wamepangwa kama magunia."

"Sawa, mama."

"Nitakupa muhula mmoja. Ukishindwa, nauza."

Wazazi walikubali kulipa nauli upesi kuliko walimu. Wengi walikuwa wameshachoka na bodaboda, na mama mmoja alisimama kwenye mkutano akasema kwamba yeye akishampakia mtoto asubuhi hafanyi kazi yoyote mpaka saa mbili ipite bila habari mbaya. Vijana wa madarasa ya juu walifyeka kinjia cha nyuma wakakimwagia changarawe. Mtendaji wa kijiji alikuja kuona, akatuunga mkono, na vibali vikafuatiliwa wilayani Biharamulo. Mama mpishi alikuwa ametolewa plasta, anatembelea magongo. Alinitumia ujumbe kwamba anarudi kazini siku hiyo hiyo kosta itakapoanza. Nilimsihi apumzike zaidi.

Asubuhi ya kwanza tulikuta michomoko miwili imeegeshwa mbele na nyuma ya kosta pale stendi ya Lusahunga. Wanafunzi walikuwa wameshakaa, na mama mpishi alikuwa kiti cha mbele na magongo yake. Mkuu wa shule alikuwa kiti cha pili, ameshika mkoba wake magotini kama mgeni. Madereva walisimama kundi moja, na kiongozi wao, mwanaume mnene aliyekuwa akinibeba kila siku tangu nilipoacha gari, alinifuata mlangoni.

"Mwalimu," alisema, bila kupaza sauti, "umemvunja mtu mguu ukasamehewa. Sasa unakuja kutuvunja na sisi. Hawa watoto ndio asubuhi yetu. Tule nini?"

Nilikuwa nimefikiria geti, lami, basi, walimu na heshima zao. Watu hawa sikuwa nimewafikiria hata mara moja. Mkuu wa shule akaanza kuinuka, nadhani ili ashuke.

Mama mpishi ndiye aliyetangulia kushuka. Ilimchukua muda: gongo moja, gongo la pili, kisha ule mguu. Watu wote walisubiri. Alipofika chini alimtazama yule mwanaume.

"Baba, mimi ndiye niliyevunjwa," alisema. "Nilikuwa nimetoka kwenye gari lako siku ile. Ulinishusha katikati ya watu kwa sababu nyuma yako mwenzako anakupigia honi utoke. Unakumbuka?"

Yule mwanaume alitazama chini. Mimi mwenyewe sikuwa najua. Katika miezi yote ile mama hakuwa amelisema neno hilo, hata kwa polisi.

"Siwalaumu," aliendelea. "Ila binti yako amekaa pale dirishani, namwona. Mwache aende shule. Mambo ya kula mkae mzungumze mchana na mwalimu, na mimi nitapika."

Akageuka aanze kupanda tena, na yule dereva wa mchomoko akamshika mkono kumsaidia kwenye ngazi. Kisha akaenda akatoa gari lake. Wa nyuma alikaa kidogo, naye akatoa.

Mchana tulikaa kweli, chini ya bati la jikoni la shule, tukala ugali na dagaa. Mazungumzo yalikuwa marefu na hayakuwa matamu. Mmoja aliondoka amekasirika na mpaka leo hanisalimii. Lakini wao ndio waliosema kwamba vijiji vya ndani havina usafiri kabisa, watoto wanatembea mbali kufika lami. Tukakubaliana wanne kati yao waende huko ndani asubuhi, wawalete watoto mpaka Lusahunga, kosta iwapokee. Yule kiongozi alichukua njia ngumu kuliko zote, yenye madaraja mabovu.

Kosta iliingia kwa njia ya nyuma, ikazunguka uwanja wa mpira, ikasimama karibu na jiko. Watu walishuka kwenye majani. Wiki ya kwanza walimu waliopanda tulikuwa watano. Rafiki yangu wa hesabu alikuja na gari lake mpaka siku mafuta yalipoadimika. Alipanda akasema ni kwa siku hiyo tu, akakaa na mwanafunzi mmoja wakaanza kubishania swali la jiometri, na wakafika uwanjani hawajamaliza. Hakurudi tena kwenye gari, ingawa kila Ijumaa anasema Jumatatu atarudi.

Sitasema kila kitu kilinyooka. Katikati ya muhula kosta iliharibika giaboksi, na kwa muda wote ilipokuwa gereji Nyakanazi, geti likarudi kuwa lile la zamani, honi na bodaboda na kusukumana. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alichubuliwa bega na usukani wa pikipiki. Siku hizo nilisimama getini kuanzia saa kumi na mbili, nimeshika kitambaa chekundu, nasimamisha magari kwa mkono, na nilirudi nyumbani nikiwa nimepoteza sauti. Gari lilipotengemaa nilimpigia yule mama wa Ngara nikitegemea aseme anauza. Aliniuliza tu kama mkwewe anakula vizuri. Muhula uliofuata alitafuta mwenzake, mjane mwingine mwenye kosta, tukawa na mbili.

Mama mpishi anachechemea. Wakati wa mvua mguu unamuuma, hukaa kiti cha mbele ili aunyooshe, na mimi hukaa nyuma yake. Hajawahi kuniambia amenisamehe, nami niliacha kungoja aniambie. Huniambia dagaa wamepanda bei, mdogo wake amejifungua, dirisha langu nilifunge kuna baridi. Gari langu nililiuza kwa mtu wa Rulenge. Alipoliondoa nilisimama uani, nikashangaa kwamba nilichokuwa nawaza ni mahali pa kupanda mchicha.

Ile hali ya kutotulia haijaondoka, sasa nimeshajua ni yangu. Bado nanyanyuka kabla ya jogoo, natoka nje kusikiliza kama kosta ya uani imewaka. Mke wa dereva hunicheka. Wiki iliyopita niliitwa upande wa Ngara, kwenye shule nyingine iliyokaa juu ya lami kama yetu. Mkuu wake, mwanamke wa rika langu, alinikaribisha ofisini, akaniwekea soda na karatasi mezani, akaniuliza tuanzie wapi kupanga basi lao.

Nilitazama saa. Ilikuwa karibu saa nane na nusu, watoto wanakaribia kutoka.

"Soda itasubiri, mwalimu," nilimwambia. "Twende tukasimame getini kwanza, tuangalie wanavyovuka."

Akavaa viatu vyake vya matope, tukatoka.